Maharage ya Jumatano Huchemshwa Jumamosi

Saa moja na nusu usiku. Umeshuka kwenye daladala, miguu imejaa, na watoto wanakutazama mikononi kabla hujaitikia shikamoo zao. Ndani kuna maharage makavu, kitunguu kimoja na unga. Maharage yanataka saa mbili motoni, na mkaa wenyewe haujawashwa. Ukiyabandika sasa mtakula saa nne, na yule mdogo atakuwa ameshalala na njaa yake. Unamtuma mkubwa akanunue chipsi. Kesho inakuwa hivyo hivyo, na keshokutwa. Mwisho wa mwezi pesa iliyokwenda kwenye chipsi ingenunua gunia dogo la hayo hayo maharage.

Wengi wakisikia habari ya kuandaa chakula cha wiki mapema hudhani ni kupika masufuria saba kwa siku moja na kuyarundika kwenye friji. Nami nilianza hivyo. Kufika Jumatano mchicha ulikuwa mweusi, wali umekakamaa, na watoto wamekinai. Chakula chetu hakikubali mtindo huo. Ugali wa juzi hauliki. Mboga ya majani ikipashwa mara ya pili haina rangi wala ladha. Kinachokubali kungoja ni ile kazi ndefu inayotangulia chakula: kulainisha maharage, kuchemsha kisamvu, kuivisha nyama ngumu, kukuna nazi, kumenya vitunguu saumu, kukaanga rojo mpaka mafuta yaelee. Hiyo ifanye Jumamosi. Ugali, wali na mchicha vipike siku yake. Vyote hivyo unavimaliza ndani ya dakika arobaini ukiwa umeshakaa, umekunywa maji na umeuliza habari za shule.

Maharage kwanza

Ukiwa na nafasi ya kuandaa kitu kimoja tu kwa wiki, andaa maharage. Ni vyakula vichache vinavyokula muda na mkaa kama hiki, na hakuna kinachovumilia baridi vizuri kama hiki.

Ijumaa usiku, kabla ya kulala, chambua kilo mbili. Toa mawe, toa yaliyotobolewa na wadudu, osha, kisha mimina maji mengi, maana yatavimba na kunywa karibu yote. Funika. Yaache usiku kucha, ila yasipitilize muda wa saa kumi na mbili. Kwa joto la Dar es Salaam yakizidi hapo huanza kutoa povu na harufu ya kuchacha. Asubuhi mwaga maji hayo, suuza, weka maji mapya.

Hapa pana jambo ambalo wapishi wengi hulifanya bila kujua sababu yake. Maharage, hasa yale mekundu, yana sumu ya asili ambayo huvunjika kwa mchemko mkali. Moto uliofifia hauivunji; maharage yaliyokaa muda mrefu kwenye uvuguvugu bila kuchemka yanaweza kumwangusha mtu kwa kutapika. Kwa hiyo dakika kumi za mwanzo, na zikifika thelathini ni bora zaidi, yaache yatokote kwa nguvu. Baada ya hapo punguza moto uendelee na kazi nyingine. Magadi sitii. Yanalainisha kweli, lakini yanaharibu baadhi ya vitamini, na maharage yaliyolowekwa usiku kucha hayana haja nayo.

Epua yakiwa yameiva lakini hayajapasuka, kwa sababu siku ya kuliwa yatarudi motoni. Kilo moja ya maharage makavu hutoa kama kilo mbili na nusu yakiiva, kwa hiyo hizo kilo mbili ni milo minne au mitano ya familia ya watu sita. Yagawe mlo kwa mlo, kila chombo na maji yake kidogo ya kuchemshia, la sivyo barafu itayakausha ngozi. Acha nafasi ya kidole juu, maana maji yakiganda hutanuka na kupasua kifuniko. Kosa kubwa ni kugandisha yote kwenye ndoo moja: Jumatatu utalazimika kuyeyusha kilo tano ili ule robo yake.

Mbaazi, kunde na njugu mawe hufuata njia hiyo hiyo. Mahindi ya kukoboa ya makande yachemshe peke yake, kwa kuwa yanachelewa kuliko maharage. Ukishakuwa na vyombo viwili vya kila kimoja, makande ya Alhamisi ni kazi ya kuunganisha tu. Choroko na dengu zilizoparazwa huiva upesi. Ziache kabatini.

Kisamvu, nazi na sababu ya kuvitenganisha

Kisamvu ni mboga iliyoumbwa kwa ajili ya kuandaliwa mapema, na ndiyo inayoharibiwa zaidi na haraka. Majani ya muhogo yakipondwa hutoa sianidi. Kutwanga kunaifungua, na kuchemsha bila kufunika kunaiacha itoke na mvuke. Ndiyo maana bibi zetu walikichemsha muda mrefu, sufuria wazi, kabla ya kukitia chochote. Leo kisamvu kinauzwa gengeni kikiwa kimeshasagwa kwa mashine, laini kabisa, na ule ulaini unamdanganya mnunuzi aone kimeshakaribia kuiva. Hakijaiva hata kidogo.

Kinunue asubuhi ya siku hiyo hiyo unayokichemsha. Kikikaa kwenye mfuko mchana kutwa kinachacha. Kitie kwenye sufuria kubwa, maji mengi, mfuniko kando, kichemke angalau saa moja mpaka ule ukijani mkali ufifie na uchungu uishe. Onja. Kipoze, kigawe, kigandishe hivyo hivyo kitupu. Usikigandishe kibichi kwa matumaini ya kukipika siku nyingine ya haraka, kwa sababu siku ya haraka ndiyo utakayokipunja moto.

Nazi iwe pembeni. Tui huchacha upesi kuliko karibu kila kitu jikoni, na mboga iliyokwisha kuungwa kwa tui ikigandishwa na kuyeyushwa hukatika, mafuta juu na maji chini. Siku mnayokula ndipo tui liingie. Lakini kukuna na kukamua unaweza kuvimaliza Jumamosi: kuna nazi nne au tano mara moja, kamua tui zito na tui la pili, weka kila moja kwenye vikopo vidogo, gandisha palepale. Likiyeyuka litaonekana limegawanyika; libandike kwenye moto mdogo ukikoroga bila kuliacha, litarudiana. Mwenye karanga azikaange na kuzisaga, azifunge kwenye chombo kisichoingiza hewa. Jumatano jioni kitunguu kinakaangwa, kisamvu kinaingia, tui au karanga zinafuata, na katika dakika ishirini mnakula kisamvu ambacho jirani ataapa kuwa umekipika tangu mchana.

Nyama, samaki na rojo

Nyama ya ng'ombe yenye mifupa, utumbo na kuku wa kienyeji vinastahili Jumamosi. Kuku wa kisasa hastahili. Anaiva upesi mno. Chemsha nyama kwa chumvi, tangawizi na kitunguu saumu mpaka ilainike, na ile supu usiimwage. Gandisha vipande ndani ya supu yao, vitabaki na unyevu, na siku ya pilau utakuwa na maji ya kupikia mchele yenye utamu tayari.

Samaki wanahitaji macho zaidi. Ukimnunua mbichi wa kutoka baharini au ziwani, muoshe, mtie chumvi na ndimu, mgawe, mgandishe siku hiyo hiyo. Lakini vibua na samaki wengine wengi wa sokoni wamekuja kwenye maboksi ya barafu, na muuzaji anapokukabidhi, samaki ameshayeyuka. Huyo usimrudishe kwenye barafu akiwa mbichi. Mkaange au mchome kwanza, ndipo umhifadhi. Kanuni hiyo inashika kila nyama mbichi iliyoyeyuka mezani.

Nyanya nunua kwa sado zikiwa zimejaa sokoni, hasa zile zilizoiva sana ambazo muuzaji anataka kuziondoa kabla ya jioni. Kaanga vitunguu mpaka viwe rangi ya kahawia, tia nyanya, karoti na pilipili hoho, pika pole pole mpaka maji yakauke na mafuta yaelee. Chumvi kidogo tu, maana hujui bado rojo hili litaunga nini. Kikopo kimoja kiwe cha mchuzi wa siku moja. Ukiwa na vikopo sita vya rojo kwenye friza, maharage, mayai, dagaa, samaki na viazi vyote vimeshapata mwanzo wake.

Kitunguu saumu na tangawizi visage pamoja kwenye blenda na uvigandishe kwenye kile chombo cha vipande vya barafu. Siku ya kupika unatoa kipande kimoja. Usivisage kwa mafuta na kuacha chupa kabatini. Kitunguu saumu kilichozama kwenye mafuta na kukaa kwenye joto kinaweza kuotesha vijidudu vya botulizimu, na sumu yake haina harufu ya kukuonya.

Kuhusu chapati: zisukume, ziweke kwenye kikaango kikavu kila upande mpaka zibadilike rangi tu, zipoe, zipange ukitenganisha kwa karatasi, zigandishe. Asubuhi ya haraka unazimalizia kwa mafuta. Akina mama wa pwani hufanya karibu hivyo na sambusa kuelekea Ramadhani: huzifunga mbichi, huzipanga kwenye sinia zigande moja moja bila kugusana, ndipo huziweka kwenye mifuko. Kila magharibi hutolewa za siku hiyo na kukaangwa bila kungoja ziyeyuke.

Viazi mviringo vilivyochemshwa usivigandishe. Hutoka maji na kuwa kama sifongo. Tango, nyanya za kachumbari na kabichi ya saladi navyo barafu si mahali pao.

Kiporo na saa mbili

Shangazi yangu alinikuta siku moja nikipakua wali uliobaki na kuuweka kwenye friji ungali na mvuke kidogo. "Mwanangu, kiporo kinalala sufuriani," akaniambia. "Sisi tumekula kiporo tangu utoto, na mpaka leo tupo." Nilimjibu kwa adabu, "Ni kweli, shangazi, lakini friji ipo." Sikutaka kubishana naye mbele ya watoto. Kwako msomaji naweza kueleza vizuri zaidi.

Mchele una vijidudu ambavyo mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukilala sufuriani kwenye joto la kawaida, mbegu hizo huamka, huzaana, na baadhi hutoa sumu inayoleta kutapika. Sumu hiyo haiondoki kwa kupasha moto asubuhi. Waliokula kiporo na kusalimika ni wengi, na walioharisha wakadhani ni malaria au maji machafu nao ni wengi. Mimi nilimuuguza mtoto usiku mzima kwa wali niliouacha mezani tangu mchana, na tangu siku hiyo nahesabu saa.

Shirika la Afya Duniani linafundisha hesabu rahisi: chakula kilichopikwa kisikae kwenye joto la kawaida zaidi ya saa mbili. Friji iwe chini ya nyuzijoto 5. Kinachongoja kuliwa kiwe cha moto zaidi ya nyuzi 60. Kinachopashwa kifike nyuzi 70 mpaka katikati. Kama huna kipimajoto, mchuzi utokote kweli kweli na wali ufuke mvuke hadi chini ya sufuria.

Ili kuwahi hizo saa mbili usiingize sufuria kubwa ya moto kwenye friji. Katikati yake itabaki na joto kwa saa nyingi na itapasha moto maziwa na nyama za jirani zake. Mimina chakula kwenye vyombo vipana, kina kifupi, au kalisha sufuria kwenye beseni la maji baridi ukikoroga. Maharage ya kilo mbili hupoa hivyo kwa muda mfupi. Makopo ya aiskrimu tunayoyatunza kila nyumba yanafaa kwa chakula kilichopoa. Usiyatie cha moto wala kuyapashia ndani, hayakutengenezwa kwa kazi hiyo.

Bandika juu ya kila kopo kipande cha karatasi chenye jina na tarehe. Maharage yaliyoganda na mbaazi zilizoganda hufanana, na rojo hufanana na supu. Dada wa kazi na watoto nao waweze kusoma na kutoa kinachotakiwa bila kukupigia simu kazini. Chakula kilichopikwa kikiwa kwenye friji ya kawaida kiliwe ndani ya siku tatu au nne. Kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kitabaki na ladha yake miezi miwili au mitatu. Chombo cha kesho kishushe usiku kutoka friza kwenda rafu ya chini ya friji. Usiku kucha kitayeyuka taratibu, na hakitakaa juu ya meza ya jikoni kikiota joto. Pasha kile tu mnachokula, na kisipashwe zaidi ya mara moja.

Umeme ukikatika

Hofu ya wengi ni hii, na ni ya haki. Lakini friza iliyojaa, ikibaki imefungwa, hushika ubaridi kama saa 48. Iliyojaa nusu, kama saa 24. Friji ya kawaida ni saa nne tu. Kinachoua chakula ni kufunguafungua kuangalia kama kimeharibika. Jaza nafasi zilizo wazi kwa chupa za maji yaliyoganda, zitasaidia kushika baridi, na umeme ukikatika chupa mbili zihamishie kwenye friji. Weka pia kikombe cha barafu chenye sarafu juu yake. Ukirudi safari ukaikuta sarafu imezama katikati ya barafu, ujue vitu viliyeyuka na kuganda tena wakati hukuwepo. Nyama ya namna hiyo itupe, hata kama inauma.

Na ambaye hana friji? Sehemu kubwa ya kazi bado inaweza kutangulia. Kuchambua mchele na dagaa, kusaga karanga, kukaanga na kusaga viungo vya pilau, kukausha majani kama wanavyofanya watu wa Dodoma kwa mlenda, vyote hivyo hukaa wiki na zaidi bila umeme. Maharage yaloweke usiku, asubuhi yachemshe nusu saa kwa nguvu, kisha sufuria iliyofunikwa vizuri iweke ndani ya kapu lililojazwa nguo na mablanketi mazito. Yataendelea kuiva yenyewe bila mkaa. Ila kapu si friji: yafungue kabla saa sita hazijapita, yachemshe tena, yaliwe siku hiyo. Kama una jirani mwenye friza, zungumza naye. Mimi kwa mwaka mzima nilihifadhi vyombo vyangu kwa jirani, naye nilimpikia maharage yake kwenye mkaa wangu, na hatukugombana.

Jumamosi yenyewe

Saa kumi na mbili asubuhi sokoni, kabla jua halijapiga samaki na majani. Saa mbili maharage yapo kwenye jiko la mkaa, kisamvu kwenye gesi. Vinapochemka unamenya vitunguu saumu na kukata nyanya. Maharage yakishuka, nyama inapanda kwenye mkaa huo huo, kwa kuwa moto wake bado ni mzuri. Rojo linafuata kisamvu kwenye gesi. Baba wa nyumba au kijana mkubwa akune nazi. Mbuzi ya kukunia nazi haichagui mwanamke. Watoto wachambue dagaa. Mwenye mikono miwili tu ataona siku ni ndefu, na atakata tamaa wiki ya pili, kwa hiyo wape watu kazi tangu mwanzo na uwaonyeshe kopo la Jumatano limetokana na nini.

Kufika saa saba mchana jikoni pameoshwa. Usiongeze kitu. Nimeona watu wakianza kwa mapishi kumi na mawili na kuacha kabisa mwezi uliofuata. Mapishi manne yanatosha familia, na wiki nyingine unabadilisha moja.

Wiki hii usinunue makopo mapya wala friza kubwa. Anza na maharage peke yake. Ijumaa usiku chambua kilo moja, yaoshe, yaloweke, yafunike, ukalale.